Seti mbili za spika za pembeni kwenye risiva moja: nani kafanikiwa bila kuunguza?

#1 Banda la Chikongola
Wakuu salaam. Nina banda la kuonyesha mpira na muvi hapa Chikongola, Mtwara mjini. Chumba ni mita kama 14 kwa 6, paa la bati, mabenchi yamepangwa mpaka ukuta wa nyuma. Risiva ni ya chaneli saba, na nyuma yake imeandikwa spika za omu 6 hadi 16 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme). Mbele nina kushoto, kati, kulia na sabufa. Pembeni nilikuwa na spika mbili tu, usawa wa katikati ya chumba. Wa benchi za nyuma wakawa wanalalamika kwamba wanaona picha lakini hawasikii vizuri, basi fundi akaniongezea spika mbili kule nyuma na kuziunga kwenye tundu zile zile za spika za pembeni. Sauti ikajaa, nikafurahi. Sasa mechi ikinoga tu, risiva inazima yenyewe na kuandika Protect. Ikipoa inawaka tena. Watu wameshalipa kiingilio, sauti inakata dakika ya 80, mnajua kinachofuata. Je, seti mbili za pembeni kwenye risiva moja zinawezekana, au ni kitu kisichowezekana kabisa?

#2 Mpingo Mweusi
Inawezekana. Nunua amplifaya nyingine.

#3 Fundi wa Mtanda
Mkuu #2 amefupisha mno, ngoja nieleze. Spika moja ya omu 8 kwenye hiyo risiva haina neno. Ukiunga ya pili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, omu hazijumlishwi, zinashuka: 8 na 8 inakuwa 4. Tayari uko chini ya 6 iliyoandikwa. Ni kama siku ya mechi kufungua milango miwili ya banda badala ya mmoja, watu wanatoka mara mbili kwa muda ule ule. Hapa watu ndio mkondo wa umeme, na wote wanapita kwenye transista zile zile.

Tupige hesabu. Chaneli inayotoa wati 100 kwenye omu 8 ina volti kama 28 na ampea 3.5. Volti hizo hizo kwenye omu 4 zinadai ampea 7. Risiva ikiona hivyo inajizima isiungue. Usiilaumu, imejiokoa.

#4 Mwana Shangani
Siku Namungo wakicheza, hata milango minne haitoshi.

#5 Masasi Stereo
Fundi #3 naheshimu hesabu zako, lakini mimi Masasi nina risiva inayobeba spika nne za pembeni miaka sasa na haijawahi kuzima. Zote zimeungwa sambamba. Kwa hiyo siyo sheria. Mkuu wa banda, risiva yako umeiweka wapi? Nahisi ni joto tu.

#6 Banda la Chikongola
Iko ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, chini ya runinga. Wezi wapo.

#7 Masasi Stereo
Jibu ndilo hilo! Mtwara na joto lake, watu wamejaa chumbani, bati juu, halafu risiva umeifungia sandukuni. Toboa mashimo juu na nyuma, weka feni ndogo ya kompyuta inayovuta hewa ya moto kwenda nje. Acha nafasi ya kiganja kizima juu ya risiva, na dekoda usiilaze juu yake.

#8 Fundi wa Mtanda
Mkuu #5, zile zako unazipiga sauti ya sebuleni. Mwenzako anapigia banda. Amplifaya inaweza kuvumilia omu 4 siku zote ukiwa kwenye sauti ndogo, kwa sababu volti zenyewe ni ndogo. Inashindwa pale unapoikamua. Feni naiunga mkono, lakini feni haibadilishi omu.

Mkuu wa banda, hizo spika za nyuma zimeandikwa omu ngapi? Angalia kibandiko cha mgongoni.

#9 Banda la Chikongola
Nimepanda ngazi kuangalia. Za katikati zimeandikwa 8. Za nyuma zilitoka kwenye homu thieta ya boksi iliyokufa, zimeandikwa 3.

#10 Fundi wa Mtanda
Tatu! Kumbe hata hiyo 4 niliyoisema ni ya kuombea. Zidisha 8 kwa 3 upate 24, gawa kwa jumla yao 11: omu 2.2. Kwa zile volti 28, risiva inadaiwa ampea karibu 13 kwenye chaneli moja. Halafu ile ya omu 3 inakula nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya omu 8, kwa hiyo wa nyuma wanapigiwa kelele na wa katikati wanasikia kidogo. Spika za homu thieta za boksi zimetengenezwa kwa ajili ya amplifaya ya boksi lake. Zitoe leo.

#11 Kipepeo wa Mikindani
Kaka Fundi, asizitoe, aziunge mfululizo! Chanya ya risiva iingie spika ya kwanza, hasi ya spika ya kwanza iingie chanya ya pili, hasi ya pili irudi kwenye risiva. 8 na 3 unapata 11. Iko kati ya 6 na 16, risiva inalala usingizi.

#12 Fundi wa Mtanda
Dada yangu, risiva italala kweli, ila sauti sina hakika itakuwaje. Kwenye mfululizo mkondo ni mmoja kwa zote mbili, kwa hiyo spika yenye omu nyingi ndiyo inachukua nguvu kubwa. Ile ya 8 itapata sehemu 8 kati ya 11, ya 3 itapata 3. Sasa mambo yanageuka, wa nyuma ndio hawatasikia. Na omu za spika hazitulii mahali pamoja, zinapanda na kushuka kufuatana na noti. Spika mbili tofauti zikiwa mfululizo, kila moja inaharibu mlio wa mwenzake. Mfululizo tumia spika pacha: 8 na 8 upate 16, basi.

#13 Kipepeo wa Mikindani
Za pembeni zinapiga vishindo vya risasi na kelele za mashabiki. Nani atakaa benchi la nyuma akapime mlio? Bora mfululizo wenye mlio mbaya kuliko Protect.

#14 Ustadhi wa Ligula
Mimi kuna kitu sijaelewa. Msikitini kwetu tumefunga honi nane kwenye amplifaya moja, nyaya mbili tu zinazunguka jengo zima, zote sambamba, na adhana inatoka mara tano kwa siku. Kwa hesabu ya #3 amplifaya ingeshaungua zamani.

#15 Mzee wa Ndoro
Ustadhi, swali zuri. Ukifungua mgongo wa hizo honi utakuta transfoma ndogo ndani ya kila moja. Ule ni mfumo wa volti 100. Angalia nyuma ya amplifaya ya msikiti, kuna COM, 4, 8, 16, halafu 70V na 100V. Nyinyi mmefunga kwenye 100V. Kule hujumlishi omu, unajumlisha wati: honi nane zilizowekwa wati 15 kila moja ni wati 120, kwa hiyo amplifaya iwe na zaidi ya hapo. Volti zikiwa nyingi mkondo unakuwa mdogo, ndiyo maana mnaweza kuvuta waya mwembamba mbali na sauti isipotee.

Risiva ya nyumbani haina mfumo huo. Ukichukua honi ya msikiti ukaichomeka kwenye risiva, sauti itatoka dhaifu kabisa.

#16 Ustadhi wa Ligula
Shukran mzee wangu, nimeelewa.

#17 Mzee wa Ndoro
Niongeze jingine. Mwenye banda anataka kitu ambacho majumba ya sinema yanafanya siku zote. Ukiingia ukumbi wa sinema unaona spika nyingi zimepangwa ukutani kushoto, kulia na nyuma. Kwenye mfumo wa 5.1, yaani chaneli tano na sabufa, safu nzima ya upande mmoja inapiga sauti moja. Mwaka 2010 Dolby wakaleta 7.1 ya kumbi, safu ikagawanywa mara nne, pembeni mbili na nyuma mbili. Kwa hiyo wazo la spika nyingi ni sahihi kabisa, mwenye banda asivunjike moyo. Tofauti ni kwamba kule spika hugawiwa kwa makundi, na kila kundi lina amplifaya iliyopimwa kulibeba.

#18 Mpingo Mweusi
Ndicho nilichosema #2.

#19 Kipepeo wa Mikindani
Mkuu wa banda, mbona umesema risiva ni ya chaneli saba lakini umetaja tano tu na sabufa? Tundu za Surround Back zinafanya kazi gani? Hizo ndizo za spika za nyuma, kila moja na amplifaya yake humo humo ndani.

#20 Banda la Chikongola
Hizo nimezigeuza zoni ya pili. Zinapiga muziki nje kwenye genge la mke wangu, anakaanga samaki na chipsi.

#21 Mwana Shangani
Chagua: Protect ya risiva au Protect ya shemeji.

#22 Masasi Stereo
😂😂 #21. Lakini dada #19 kapiga penyewe. Hamisha spika za omu 8 kwenda Surround Back au nunua jozi nyingine ya omu 8, genge lipewe redio yake ndogo ya fleshi. Kwenye menyu badilisha mgawo wa amplifaya kutoka Zone 2 kwenda Surround Back. Spika moja kwa chaneli moja, hakuna hesabu ya omu tena. Na muvi ikiwa ya 5.1, risiva zenyewe zina uwezo wa kutengeneza sauti ya nyuma kutokana na ya pembeni.

#23 Bwana Nachi
Kuna njia rahisi hamjaitaja. Ingia menyu, tafuta sehemu ya omu za spika, iweke namba ya chini kabisa. Yamaha nyingi zina chaguo la 6 au 8, nyingine zina swichi nyuma. Mtengenezaji kaiweka kwa kazi hiyo.

#24 Fundi wa Mtanda
Mkuu Nachi, hilo nalipinga. Ile swichi haiongezi misuli ya amplifaya, inaipunguzia volti au kuibana ili isipate joto. Utapata wati chache, na kwa banda utaongeza sauti hadi ianze kukwaruza. Sauti inayokwaruza ndiyo inaua tweta, ile spika ndogo ya sauti nyembamba.

#25 Bwana Nachi
Kubanwa siyo ndiyo usalama wenyewe? Mtu anataka mechi iishe. Kama inabana na haizimi, imefanya kazi.

#26 Mwalimu wa Mtama
Nawasoma tangu mwanzo. Kuna swali hamjamuuliza: anaonyesha nini? Muvi nyingi za mabandani ni zile za DJ anayetafsiri. Hizo sauti yake ni ya chaneli mbili, na sauti ya DJ iko sawa kushoto na kulia. Risiva ikiwa kwenye Pro Logic, ile hali ya kugawa sauti ya chaneli mbili kwenye spika zote, kilicho sawa pande zote inakipeleka spika ya kati, na kinachotofautiana ndicho kinakwenda pembeni. Maana yake hata ukifunga spika ishirini pembeni, wa nyuma hawatamsikia DJ wala mtangazaji wa mpira. Watasikia mwangwi na muziki tu.

Kama shida ni wa nyuma kusikia maneno, basi aweke ile hali ya stereo kwa chaneli zote. Hapo spika za pembeni na za nyuma zinatoa kila kitu. Atashangaa maana pengine hahitaji hata kupandisha sauti.

#27 Banda la Chikongola
Mwalimu!! Nimejaribu sasa hivi. Sauti ya DJ imefika nyuma safi. Ila ukikaa benchi la mwisho kuna kama mtu anarudia maneno, mara mbili mbili.

#28 Mwalimu wa Mtama
Huo ni umbali. Sauti inakwenda kama mita 345 kwa sekunde, yaani kila mita moja ni karibu milisekunde 3. Spika ya nyuma iko mita mbili kutoka kwa msikilizaji, ya mbele iko mita 12. Inachelewa karibu milisekunde 29. Ikifika 30 au 40, sikio linaanza kuzitenganisha. Ingia kwenye umbali wa spika na udanganye: sema spika za pembeni ziko karibu zaidi kuliko zilivyo, risiva itazichelewesha. Lakini angalia, seti zako mbili ziko kwenye chaneli moja na zina umbali tofauti. Ukiirekebisha ya nyuma, ya katikati inaharibika. Kila seti ikiwa na chaneli yake, kama walivyosema #19 na #22, kila moja inapata umbali wake.

#29 Mzee wa Ndoro
Na bati hilo nalo linarudisha sauti. Tandika mikeka au tundika mapazia mazito ukuta wa nyuma, mwangwi utapungua bila kugusa risiva.

#30 Kijana wa Newala
Wakuu, kwenye kuvuta nyaya mpaka nyuma, ili kuokoa pesa si anaweza kutumia waya mmoja wa hasi kwa spika zote, chanya ndiyo ziwe mbali mbali? Kwenye redio za zamani tulikuwa tunafanya hivyo.

#31 Fundi wa Mtanda
Usifanye! Redio nyingi za zamani hasi zilikuwa moja kweli. Leo amplifaya nyingi, hasa za magari na za homu thieta za boksi, hasi yake siyo graundi (ile sehemu ya volti sifuri), ina sauti yake kinyume na chanya. Ukiunganisha hasi mbili unaunganisha amplifaya mbili. Moshi. Kila spika waya wake wa nyuzi mbili.

Na waya uwe mnene. Mita 10 za shaba ya milimita za mraba 1.5, kwenda na kurudi, zina omu kama 0.23. Ule mwembamba wa 0.5 una karibu 0.7, kwa spika ya omu 8 ni nguvu inayopotelea njiani. Jihadhari na waya wa alumini uliofunikwa shaba juu tu. Ukwarue kwa kisu, ukiona weupe ndani achana nao.

#32 Mwana Shangani
Sasa naongea kwa uzito. Chikongola na Shangani ni upepo wa bahari. Nyaya zilizochomekwa tu kwenye tundu zinashika kutu ya kijani kwa muda mfupi. Uzi mmoja wa shaba ukichomoza na kugusa tundu la jirani, Protect hiyo hiyo. Mkuu, zima umeme kabisa, chomoa nyaya zote, kata ncha zilizoota kutu, sokota upya. Mimi nilihangaika na risiva ya shemeji, kila mtu anasema transista, kumbe ni nyuzi mbili zimegusana.

#33 Kipepeo wa Mikindani
Kaka wa banda, risiva ulinunua mpya au ya mtumba?

#34 Banda la Chikongola
Mtumba kutoka Zanzibar, nilichukua msimu wa korosho uliopita. Ni ya Japani. Inatumia transfoma ya kushusha umeme, ile ya boksi jeusi.

#35 Bwana Nachi
Haaa! Posti 34 ndiyo unasema?

#36 Mzee wa Ndoro
Hili ni kubwa. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu 230. Transfoma ile inashusha kwa uwiano. Umeme ukiwa 230 unapata 100. Jioni watu wote wamewasha, umeme ukashuka hadi 190, risiva inapata 83 hivi. Imeandikwa wati ngapi?

#37 Banda la Chikongola
Transfoma imeandikwa 500W. Risiva nyuma 240W. Transfoma inapata moto, huwezi kuweka mkono muda mrefu.

#38 Mzee wa Ndoro
Kupata moto kiasi hicho ni dalili kwamba 500 hiyo ni ya kibandiko. Pima: multimita kwenye tundu la 100V, risiva ikiwa imetulia, halafu pima tena sauti ikiwa kubwa. Ikitoka 100 ikaanguka 85, transfoma ni ndogo. Tafuta nzito, ya wati 1000. Uzito ni shaba na chuma.

#39 Fundi wa Mtanda
Mzee shikamoo. Nakubali transfoma ibadilishwe, ila sidhani ndiyo inaleta Protect. Umeme ukiwa mdogo, amplifaya inakwaruza mapema au risiva inazima kabisa na kujiwasha. Protect ni mkondo mkubwa, joto au umeme mnyoofu (DC) kwenye tundu la spika. Bado nasimama na omu 2.2.

#40 Mzee wa Ndoro
Marahaba. Umeme ukianguka, rilei za spika, zile swichi za ndani zinazoziunganisha, nazo zinaweza kuachia, na baadhi ya risiva zinaandika Protect kwa hilo pia. Tusubiri vipimo.

#41 Banda la Chikongola
Nimerudi. Nimetoa spika za omu 3, nimesafisha nyaya kama alivyosema #32 (kutu ilikuwepo, ya kijani kabisa), na sanduku nimelitoa mlango. Jana mechi imeisha salama. Leo mchana nilikuwa napiga muziki, sauti ndogo, imezima tena. Transfoma: 101 ikiwa imetulia, 91 sauti ikiwa kubwa.

#42 Masasi Stereo
Sauti ndogo na imezima? Fundi, hapo omu zimekataa.

#43 Fundi wa Mtanda
Au transista za chaneli moja zilishachoka kwa ajili ya zile omu 2.2 za mwanzo. Mkuu, chomoa spika zote, iwashe bila spika hata moja. Ikizima hivyo hivyo, kosa liko ndani. Isipozima, rudisha spika moja moja mpaka uipate inayoizimisha. Na kila spika ipime kwa multimita: ya omu 8 inasoma 6 hadi 7. Ikisoma 1 au 2, koili imeungua.

#44 Mwana Shangani
Na waya wenyewe upime njiani, panya wa mabandani wanapenda plastiki.

#45 Mama Tandahimba
Habari zenu. Nimesoma uzi wote kwa sababu nina jambo linalofanana. Risiva yangu ni ya 5.1, haina chaneli za nyuma wala tundu za prii-auti, zile za kupeleka sauti kwenye amplifaya nyingine. Nina sebule ndefu na nataka jozi ya pili ya pembeni. Zote ni omu 8, pacha kabisa.

#46 Kipepeo wa Mikindani
Mama, zikiwa pacha unga mfululizo, 16. Kama risiva imeandikwa mwisho 16, uko ndani.

#47 Kijana wa Newala
Mafundi wa redio za magari wana kile kiboksi kinachobadilisha waya wa spika kuwa waya wa RCA, ule wa kuingiza sauti kwenye amplifaya. Unakiweka kwenye tundu za pembeni, unakwenda nacho kwenye amplifaya ndogo ya pili, jozi ya pili inabebwa na hiyo.

#48 Fundi wa Mtanda
Kijana wa Newala, hilo zuri. Sharti moja: apate kiboksi chenye transfoma ndani, kisichounganisha hasi ya risiva na graundi ya amplifaya, sababu niliieleza #31. Mama, kwanza tuambie nyuma imeandikwa omu ngapi hadi ngapi.

#49 Mama Tandahimba
8 hadi 16.

#50 Banda la Chikongola
Nimechomoa spika zote, risiva inawaka tangu adhuhuri haijazima. Naanza kurudisha moja moja, ya kati kwanza.